Miaka 60 ya Nevi: Pongezi kwa Mtongwe, Maswali kwa Nchi Kavu

Alhamisi, tarehe 12 Desemba 2024, Jamhuri ya Kenya yatimiza miaka 60. Jeshi la Wanamaji nalo latimiza miaka 60 siku hiyohiyo, kwa kuwa lilizinduliwa rasmi 12 Desemba 1964, siku nchi ilipoachana na Malkia na kuanza kuwa na rais wake. Gwaride la Jamhuri litatazamwa kote nchini. Hii sherehe nyingine, hata isipopigiwa tarumbeta nyingi, sisi watu wa Ganjoni, Mombasa, twaihesabu kuwa ya nyumbani.

Sababu yake ni jiografia tu. Chombo chochote kinachoingia Kilindini hakina budi kupita mlango wa Likoni, chini ya mibuyu ya Mama Ngina, kisiwa kikiwa kuliani na bara ya kusini kushotoni. Kambi ya Mtongwe iko ng'ambo ya maji. Wazee wanaopunga upepo jioni huku wakitafuna kachiri wanazijua manowari zetu kwa maumbo yao, na hubishana ipi imetoka doria na ipi imelala gatini muda mrefu mno. Ubishi huo wa barazani karibu ndio ukaguzi pekee ambao nevi yetu imewahi kufanyiwa hadharani bila mtu kuukatiza.

Pongezi zetu hazina masharti. Katika miaka 60 wanamaji wa Kenya hawajaiaibisha nchi baharini. Aibu zilizowapata zilitoka nchi kavu, kwa watu waliotia saini mikataba ya meli ambazo wao wenyewe hawatazipanda kamwe. Tunayasema haya siku ya furaha kwa makusudi, maana yanayosemwa siku za huzuni husemwa kwa haraka na kusahauliwa kwa haraka zaidi.

Mombasa ina uzoefu wa kale na manowari za gharama zilizokwenda mrama. Ukiingia jumba la makumbusho la Fort Jesus utaona vyombo vya udongo, mizinga na vikorokoro vilivyotolewa chini ya bahari, hatua chache kutoka ukuta wa ngome. Ni mabaki ya Santo António de Tanná, manowari ya Wareno iliyoundwa Bassein, India, mwaka 1681. Ilitumwa kuiokoa ngome wakati Waomani walipoizingira kuanzia Machi 1696. Ilifika, ikakatikiwa na kamba za nanga, ikapoteza usukani, ikapanda mwamba, na Oktoba 1697 ikazama mbele ya macho ya wale iliokuja kuwaokoa. Ngome yenyewe ilianguka Desemba 1698. Wapiga mbizi na wanaakiolojia waliifukua kati ya 1977 na 1980. Mfalme wa Ureno alikuwa na fedha, mizinga na mafundi, na bado chombo chake kikashindwa kwa kukosa usukani katika maji ambayo mvuvi wa Mji wa Kale huyavuka kwa ngalawa. Habari za manowari ndivyo zilivyo kila mahali: inapoharibika, mara nyingi huharibika kwenye kitu ambacho hakuna aliyekipigia hotuba.

Vita Vikuu vya Pili vilituletea somo la anga. Tarehe 5 Aprili 1942 ndege za Japani zilizamisha meli mbili kubwa za Uingereza, Dorsetshire na Cornwall, kusini mwa Ceylon. Siku nne baadaye zikaizamisha Hermes, meli ya kubebea ndege. Admirali Somerville wa Uingereza hakuwa na namna ya kuzikinga meli zake dhidi ya marubani wale, akaliondoa kundi lake kubwa na kulileta Kilindini. Ghafla Mombasa ikawa makao ya jeshi la maji la Uingereza katika bahari yote hii. Wataalamu wa kufumbua siri za redio za Wajapani wakawekwa katika shule ya Allidina Visram, na humo wakavunja msimbo uliotumiwa na meli za biashara za Japani. Ni shule ileile ambayo baadhi ya wasomaji wetu walichapwa viboko kwa sababu ya hesabu.

Na tusipite bila kuitaja meli ya Khedive Ismail. Iliondoka Kilindini Februari 1944 ikiwa imebeba, pamoja na wengine, askari wa mizinga wa Afrika Mashariki wa kikosi cha 301. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga na ikazama kwa dakika chache. Watu 1,297 walikufa. Manowari mbili za aina ya destroya, Petard na Paladin, zilizokuwa zikiusindikiza msafara, zilirudi kuisaka nyambizi hiyo hata mahali ambapo waliookoka walikuwa wangali wakielea majini, zikaiua. Wengi wa waliokufa walikuwa vijana wa huku kwetu. Hawana kaburi ila bahari, na jina la meli yao halifahamiki hata kwa walimu wa historia. Kama yubile hii ingezaa jiwe moja tu la kumbukumbu pale Mama Ngina, tungeomba liwe lao.

Nevi yenyewe haikuzuka patupu mwaka 1964. Mombasa ilikuwa na kikosi cha wanamaji wa kujitolea tangu 1933. Baadaye likaja jeshi la maji la Afrika Mashariki, lililovunjwa 1962. Jamhuri changa ilianza na vijana waliofunzwa kwenye vyombo vya mkoloni na maofisa wa Uingereza waliokopeshwa. Meli tatu za kwanza kuundwa kwa ajili yetu zilitoka kwa Vosper, Portsmouth, mwaka 1966: Simba, Chui na Ndovu, kila moja na urefu wa mita 31 na mizinga miwili ya milimita 40. Mwaka 1972 Mkenya wa kwanza, Kimaro, akashika ukamanda. Ikafuata Mamba mwaka 1974, kisha Madaraka, Jamhuri na Harambee, zote kutoka kwa Brooke Marine wa Uingereza.

Anayetaka kujua nani alikuwa madarakani asome majina ubavuni mwa meli. Wanyama kwanza, kisha sikukuu na kaulimbiu za Mzee Kenyatta, kisha Nyayo na Umoja za Moi, kisha mito, Tana na Galana, na hatimaye sifa za tabia: Shujaa, Shupavu, Jasiri. Hii ya mwisho tutaifikia.

Miaka ya 1980 ndiyo iliyokuwa miaka ya fahari. Somalia ilikuwa na boti za Kisovieti zenye makombora, na hakuna jeshi la maji duniani lililolala vizuri baada ya 4 Mei 1982, siku kombora moja la Exocet lilipoichoma HMS Sheffield karibu na visiwa vya Falklands. Ifahamike Sheffield ilikuwa destroya ya kukinga anga. Kazi iliyoundiwa ilikuwa kuzikinga meli nyingine dhidi ya mashambulizi ya kutoka hewani, ikashindwa kujikinga yenyewe. Kenya ilikuwa imekwisha kuamua kwamba chombo kidogo chenye kombora kinaweza kumtia hofu mkubwa: boti za Brooke zikavishwa makombora ya Gabriel kutoka Israeli. Halafu ikaagiza meli mbili kubwa zaidi kutoka kwa Vosper Thornycroft, Nyayo na Umoja.

Hizo mbili zastahili kusimuliwa kwa kina, maana mpaka leo hakuna zilizopendwa kuliko hizo. Urefu wake ni karibu mita 57. Zina mzinga wa milimita 76 mbele, mizinga pacha ya milimita 40 ya kutungulia ndege nyuma, na zilibeba makombora manne ya Otomat. Injini zake nne za Paxman zilizisukuma kwa kasi ambayo feri ya Likoni haitaiota. Zilikabidhiwa 1987 na kuwasili nyumbani mwaka uliofuata. Dada zake ziko Oman: Dhofar, Al Sharqiyah, Al Bat'nah na Mussandam ziliundwa na kiwanda hichohicho kwa umbo lilelile, isipokuwa Waomani walichagua Exocet. Kwa mji huu, wenye mabibi na mababu waliokuja kutoka Maskati na Sur, haikuwa ajabu kusikia mtu akilinganisha manowari ya kwetu na ya wajomba zake.

Tuseme wazi pia zilivyokuwa na kasoro. Ulinzi wa anga wa Nyayo na Umoja ulikuwa mizinga na macho ya wapiga mizinga. Kombora la kutungulia ndege halikuwepo, na Kenya haijawahi kuwa na manowari iliyo nalo. Isitoshe, meli hizo zilikuwa na injini za Uingereza, makombora na mizinga ya Italia, na umeme wa kila namna ndani yake. Kila kimoja kilikuwa na fundi wake, mkataba wake wa vipuri na tarehe yake ya kufa. Kombora ni bidhaa yenye umri: dawa yake huchakaa, betri zake hufa, rada inayoliongoza hukosa vipuri kiwandani. Anayenunua makombora bila kuweka kando fedha za miaka 20 ya kuyatunza amenunua maonyesho ya gwaride. Zilipopelekwa Italia kufanyiwa matengenezo makubwa, Nyayo na Umoja zilirudi 2011 bila makombora. Zilirudi zikiwa meli za doria zenye mizinga.

Wapo waliolalamika kwamba tumenyang'anywa meno. Sisi twaona uamuzi ule ulikuwa wa busara, ingawa haukuelezwa kwa umma hata kwa aya moja. Adui wa mwaka 2011 hakuwa na zile boti za Kisovieti za Osa. Alikuwa na mashua za nyuzinyuzi, ngazi za chuma na bunduki, akiteka meli za mafuta katikati ya bahari. Kombora la Otomat halina kazi hapo. Ila swali moja hatukuliona likiulizwa: kwa miaka mingapi kabla ya hapo tulikuwa tukilipa mabaharia kulinda makombora ambayo hayangeruka?

Sasa Jasiri.

Mnamo Julai 2003, serikali mpya iliyoingia kwa ahadi ya kufagia ufisadi ilitia saini mkataba na kampuni iitwayo Euromarine Industries. Bei ilikuwa karibu yuro milioni 52, yaani takriban shilingi bilioni 4.1. Katika orodha ya mikataba, chombo chenyewe kimeandikwa kuwa meli ya utafiti wa bahari. Mjenzi alikuwa kiwanda cha Gondán, huko Asturias, kaskazini mwa Hispania, kiwanda halali kilichokwisha kutuundia Shujaa na Shupavu mwaka 1997. Kilichokuwa na giza ni watu wa katikati na fedha za mkopo zilizopitia kwao. Mwaka 2004 kashfa ya Anglo Leasing, ya mikataba ya usalama kama huu, ikafumuka. John Githongo, aliyekuwa mshauri wa Rais juu ya maadili, akaikimbia nchi. Mkaguzi Mkuu akachapisha ripoti maalumu Aprili 2006 juu ya mikataba 18 ya usalama, na huu wa meli ukiwa mmojawapo. Malipo yakasimamishwa.

Basi meli ikawa imeundwa, ipo, yaelea, na haina mwenyewe. Ilikaa kwenye gati la Hispania miaka na miaka, kama bi harusi aliyepambwa na mahari yake ikaingia kesi. Serikali haikutaka kumalizia deni ambalo huenda lilikuwa la wizi. Kiwanda hakikutaka kuachia chombo ambacho hakijalipiwa. Na wanamaji wetu, ambao hawakuandika hata mstari mmoja wa mkataba ule, wakawa wanaulizwa meli yao iko wapi. Ilifika Mombasa 2012, miaka tisa baada ya saini. Ni meli yenye urefu wa mita 85, kubwa kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Siku ilipopita mlango wa Likoni ilikuwa mpya na ilikuwa kuukuu kwa wakati mmoja.

Mpaka leo wananchi hawajaelezwa kwa maandishi kamili nani alichagua meli ya ukubwa ule, kwa kazi ipi, kwa nini iliitwa chombo cha utafiti, na shilingi ngapi kati ya zile bilioni nne zilifika kiwandani. Ripoti za kamati na za wakaguzi zilisema mengi kuhusu fedha. Juu ya chombo chenyewe, kama kinatufaa au hakitufai, hazikusema mengi. Kwa mwanamaji hilo ndilo swali la kwanza.

Wako watakaosema haya ni maradhi ya Afrika. Hapana. Uingereza, iliyotufundisha kazi hii, ilijiundia destroya za kukinga anga za aina ya Type 45, meli ya kwanza ikiwa HMS Daring iliyoanza kazi 2009. Zilipangwa kuwa 12, zikashushwa kuwa nane, zikaishia sita. Rada yake ni miongoni mwa bora duniani, na kombora lake halina utani. Lakini injini ya gesi waliyoichagua, WR-21, ilikuwa na kifaa cha kupoza hewa kilichoshindwa kufanya kazi vizuri kwenye maji ya joto. Ikipungukiwa nguvu, jenereta za dizeli zilizidiwa na meli nzima ikazimika: taa, rada, usukani, vyote. Manowari ya mamilioni ya pauni, giza tupu kwenye Ghuba. Mwaka 2016 wabunge wao waliwakalisha makamanda na watengenezaji wa injini mbele ya kamera na kuwauliza imekuwaje. Majibu yakachapishwa, fedha za ukarabati zikatengwa, na meli zikaanza kutiwa jenereta tatu mpya mahali pa mbili za zamani, moja baada ya nyingine, katika gudi la Birkenhead.

Fundi yeyote wa karakana za Mbaraki angewauliza swali moja kabla ya kutia saini: maji yatakuwa na joto gani huko mnakokwenda? Ajabu ni kwamba meli hizohizo ndizo zilizokuja kuwa na thamani mwaka 2023. Desemba 2023 HMS Diamond ilitungua droni juu ya Bahari ya Shamu, Wahouthi walipokuwa wakizishambulia meli za biashara. Mzozo ule ulitugusa hapa bandarini: meli zilizokuwa zikija Mombasa kwa njia ya Suez zikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na gharama za kusafirisha makontena zikapanda. Ulinzi wa anga baharini, ambao kwa miaka 60 tumeuona kuwa anasa ya mataifa makubwa, sasa unaamua bei ya mchele sokoni Kongowea. Droni ya bei ya pikipiki chache yaweza kuifukuza meli ya makontena. Hatusemi Kenya ikanunue destroya. Twasema Mtongwe ianze kufikiri juu ya droni sasa, na ifikirie na wahandisi wake yenyewe kabla hajatokea tena mtu wa katikati mwenye mkoba na picha za rangi.

Turudi kwa watu, maana hao ndio tunaowasherehekea. Alfajiri ya 28 Septemba 2012, vikosi vya Kenya vilishuka ufukweni Kismayu, Somalia, kutoka baharini, kwa vyombo vya nevi. Majeshi ya Kenya hayakuwa yamewahi kufanya jambo la namna hiyo vitani. Kutua ufukweni gizani, kwa kujua kina cha maji, saa ya bamvua na upande wa upepo, ni kazi inayofundishwa kwa miaka, na vitabu peke yake havitoshi. Al-Shabaab wakauhama mji. Kundi zima la vyombo vilivyotumika halikuwa na kimoja ambacho mataifa makubwa yangekiita manowari kubwa. Miaka mitatu baadaye Jenerali Samson Mwathethe, mtu wa nevi, akawa Mkuu wa Majeshi, wa pili kutoka upande wa maji. Mei 2024, baada ya nchi kumpoteza Jenerali Francis Ogolla katika ajali ya helikopta mwezi Aprili, kiti hicho kimekaliwa tena na mwanamaji, Jenerali Charles Kahariri. Kwa jeshi ambalo Nairobi ilizoea kulisahau, si haba. (Ajabu nyingine ya kwetu: mkuu wa meli zote hizi huitwa Meja Jenerali, kama vile anaongoza vifaru. Admirali hatuna.)

Wapiga mbizi wao tumewajua katika misiba. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka mita chache kutoka ufukweni na watu 272 wakafa, wengi wao wakienda kazini. Nyumba nyingi za Likoni na kisiwani bado zina picha ukutani za mtu wa siku hiyo. Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka feri ya Likoni likiwa na mama na mwanawe, likatua zaidi ya mita 50 chini, kwenye mkondo mkali usioonyesha hata kiganja cha mkono. Lilitolewa 11 Oktoba, kwa kazi ya wapiga mbizi wa nevi na wenzao kutoka nje. Mji mzima ulikuwa umekasirika, na hasira ile ikawaangukia vijana waliokuwa wakizama kila siku. Hawakustahili. Waliostahili kuulizwa ni wale waliojua kwa miaka kwamba mlango wa Likoni una kina kile, na maelfu ya watu wanauvuka kila siku, na bado hawakuona haja ya kununua vifaa vya kufika chini kabla ya msiba.

Kuna jambo jipya la kutia moyo, nalo limetoka mahali ambapo wengi hawakutarajia. Serikali iliunda kampuni ya Kenya Shipyards na kuiweka chini ya mkono wa nevi. Huko Kisumu, kwa msaada wa Waholanzi wa Damen, imeunda MV Uhuru II, meli ya mita 100 ya kubeba mabehewa ya mafuta Ziwa Viktoria. Mtongwe nayo imepata chelezo kubwa, na KNS Shupavu imefanyiwa matengenezo hapohapo badala ya kupelekwa Ulaya. Kila meli inayotengenezwa nyumbani inamwachia kijana wa Kikenya ujuzi mkononi, na inamnyima mtu wa katikati sababu ya kupiga simu.

Twaogopa tu jambo moja hapa. Kisiwani, upande wetu, kuna karakana za Mbaraki na Liwatoni zilizokuwa zikipandisha meli chelezoni kabla wengi wa maofisa wa leo hawajazaliwa; African Marine na Southern Engineering si majina ya jana. Humo wamo wafua vyuma, wachomeleaji na mafundi wa propela waliofunzwa na baba zao. Kampuni ya serikali yenye askari wasiolipwa kwa saa yaweza kuziua karakana hizo bila kukusudia, kwa kuuza kazi chini ya gharama. Nevi haihitaji kushinda Mbaraki. Yahitaji kugawana kazi nayo, kwa zabuni zinazosomeka. Liwatoni pia ndiko kulikozinduliwa kikosi cha walinzi wa pwani, Novemba 2018, pamoja na MV Doria iliyoundwa Bangladesh. Kazi ya kukamata wavuvi haramu na magendo imekuwa yao, na hilo limeipa nevi nafasi ya kurudi kwenye kazi yake ya kijeshi. Ila vyombo vya pande zote mbili vyahitaji mafundi walewale.

Sherehe ziendelee basi. Nyayo na Umoja zipambwe bendera. Wastaafu waliokwenda Portsmouth wakiwa vijana wa miaka 20 kuileta Simba nyumbani waketishwe safu ya mbele, wala si nyuma ya waheshimiwa ambao hawajawahi kutapika baharini. Watoto wa Ganjoni Primary waruhusiwe kupanda meli siku moja wakaone chumba cha injini. Wanaitazama kutoka mbali kila siku.

Na wakati bendera zikipepea, Kamati ya Bunge ya Ulinzi ina kazi isiyohitaji bajeti mpya. Iitishe jalada zima la mkataba wa Julai 2003, kuanzia barua ya kwanza ya nani aliyeomba meli, hadi hati ya malipo ya mwisho, pamoja na maelezo ya wahandisi wa Mtongwe waliokwenda Hispania kuikagua. Kisha ilichapishe. Siri za kijeshi zilizomo, kama zipo, zifutwe kwa wino. Meli iliyokaa miaka na miaka ikitazamwa na wavuvi wa Asturias haina umbo la kuficha. Wizara ikikataa, iseme kwa maandishi kwamba imekataa, nasi tutayachapa maandishi hayo kwenye ukurasa huuhuu.